Saa Mbili Matopeni Karibu na Kirawira

Mwishoni mwa Mei 2016 nilimchukua mama yangu tukaingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kupitia lango la Ndabaka, lililo kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Mama amezaliwa na kukulia jirani na Bunda, na kwa miaka mingi alikuwa akilipita lango hilo ndani ya basi, lakini hakuwahi kuingia, kwa kuwa hifadhi yenye kilomita za mraba 14,763 haizungukwi kwa miguu, na gari la kukodi ni gharama ambayo nyumbani kwetu hatukuwahi kuimudu.

Mwongozaji tuliyemkodi pamoja na gari lake alimwamkia mama, kisha akamwomba kwa upole abadilishe kitenge chake cha buluu iliyokoza. "Mama, mbung'o wanaipenda sana rangi hiyo," alisema, na njiani akatuonyesha vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotundikwa mitini ili kuwanasa.

Upande ule wa magharibi una udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa mvua hunata kama ulimbo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Tulipokaribia Kirawira tulikuta barabara imekuwa tope tupu, na pembeni, juu ya majani, magari yaliyotutangulia yalikuwa yamekwishachonga njia nyingine mbili. Nilimwuliza mwongozaji kwa nini tusipite huko palipokauka. Alinijibu kwamba kila gari linalokwepa tope huipanua barabara, na kwamba alama za tairi zikishakauka katika udongo ule hazifutiki upesi, bali maji ya mvua zinazofuata huzifuata na kuzichimba hadi zikawa makorongo. Akaunganisha magurudumu yote manne, akaingia topeni, na baada ya mita chache tukazama hadi kwenye ekseli. Nilikasirika sana wakati ule. Leo naamini kwamba alitenda ilivyopasa.

Hakushuka mara moja. Alisimama kwanza chini ya paa lililoinuliwa, akakagua vichaka vyote kwa darubini, ndipo akashuka na koleo, huku akitukataza kabisa kufungua milango. Kuchimba kuliposhindikana aliomba msaada kwa redio, nasi tukangoja karibu saa mbili.

Ni katika kungoja huko ndipo nyumbu walipotokea wakielekea mto Grumeti, kwanza mmoja mmoja, kisha safu kwa safu, hata wengine wakapita hatua chache tu kutoka kwenye bampa, na mlio wao mzito ukatuzunguka pande zote. Mama alifumba macho akasikiliza kwa muda mrefu.

"Sauti hii naijua, mwanangu," alimwambia mwongozaji. "Nilikuwa naisikia kwa mbali usiku, nikiwa msichana. Sikujua kwamba ni wengi kiasi hiki."

Gari jingine lilipofika lilituvuta kwa waya, tukaingia Seronera, katikati ya hifadhi, jua likizama, muda mfupi kabla ya saa ambayo magari hayaruhusiwi tena kuzunguka. Wakati wa chakula mama aliulizia njia ya kesho. Alipoambiwa kwamba tungerudi Ndabaka kwa barabara ile ile, aliomba akae kiti cha mbele.