Siku moja maishani mwangu: Walawi 19 na mizani ya mchele

Hamjambo wapendwa. Kuna dada aliniuliza hivi unapata wapi muda wa kusoma Biblia na we ni mtu wa soko, nikaona badala ya kumjibu kwa mstari mmoja nimwandikie siku nzima inavyokwenda, na nimechagua ya jana Jumatano kwa sababu jana zamu ilikuwa ya Walawi sura ya 19, sura ambayo mi naamini kila anayeishi kwa mizani angetakiwa aijue kwa kichwa. Nauza mchele Mbeya, sokoni Soweto, rejareja na jumla kidogo.

Saa 10:30 alfajiri

Mbeya mwezi wa saba baridi haina utani. Nawasha jiko la mkaa, chai ya tangawizi inaanza kuchemka, mi nakaa pembeni na Biblia kabla nyumba haijaamka. Nasoma kwa mfululizo, naanza kitabu mwanzo hadi mwisho, sura moja asubuhi. Wapo wanaofungua tu popote wakaweka kidole, wakichukua ule mstari ndo neno la siku, sina ugomvi nao lakini mi nimeona hivi, mstari ukiuchagua mwenyewe utachagua unaokubembeleza. Ukienda kwa mfululizo utafika Walawi upende usipende, na Walawi ndo kile kitabu watu wanakiruka, wanasema humo ni damu na mafuta na ukoma tu basi wanakimbilia Zaburi. Kina sura 27. Vumilia ufike ya 19, utakuta pametulia na panaongea na we moja kwa moja.

Nasoma tafsiri ile ya Muungano ya 1952, ndo niliyokua nayo, lugha yake imeshaingia damuni. Binti yangu anayo tafsiri ya Habari Njema, kwa hiyo mstari ukiwa mgumu anasoma yake kwa sauti na mi nasoma yangu tunalinganisha, mara nyingi yeye ndo ananifungua.

Sura yenyewe ni mistari 37. Mle ndani kuna wazazi, kuna mabaki ya mavuno ya kuachiwa maskini, kuna mshahara wa kibarua, kiziwi na kipofu, umbea, wazee, wageni, na karibu kabisa na mwisho kuna mizani. Halafu katikati, mstari wa 18, "umpende jirani yako kama nafsi yako". Huu wote tunaujua kwa Yesu, Mathayo 22, lakini Yesu pale alikuwa anawanukulia Torati, chimbuko lake ni hapa. Na mi ninachoomba kila mtu akitazame ni majirani zake huo mstari, yaani juu yake kuna hela ya kibarua na chini yake kuna kipimo cha nafaka. Upendo umewekwa shambani na sokoni, katikati ya jasho na hela, na kila baada ya mistari michache inarudi sauti ile ile, Mimi ndimi BWANA, Mimi ndimi BWANA. Nimekaa na hilo hadi chai ikataka kumwagika.

Saa 12 asubuhi

Bajaji, soko, nafungua. Kabla sijapanga mchele naanza na mizani. Yangu ni ile ya mshale, ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, lakini stika haifuti vumbi. Nikinyanyua bakuli chini yake nakuta kaukoko ka vumbi la pumba, kamejibana pale linapokalia, na hako tu kanatosha kuusogeza mshale kabla hujaweka hata punje moja. Nafuta kwa kitambaa, narudisha bakuli tupu, naangalia mshale umelala juu ya sifuri kweli kweli, halafu naweka jiwe la kilo moja lenye muhuri kuhakikisha. Ni kazi ya dakika mbili. Gramu hizo mteja mmoja hatozisikia, ila zidisha kwa wateja wa siku nzima na mwezi mzima, hapo unakuta mtu amejenga chumba kwa mchele wa watu. Walawi 19:36 inataka mizani za haki, vipimo vya haki, efa ya haki (efa ni kipimo chao cha nafaka), na kwenye Mithali 11:1 ni wazi zaidi, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA". Neno chukizo ni zito mno, sio la kulipita haraka haraka.

Saa 2 asubuhi

Simu kutoka Dar. Mteja wa siku nyingi anataka mchele wa Kyela, ule unaonukia, mi stoo nina wa Mbarali umetoka Igurusi juzi, mzuri sana, mweupe, punje ndefu, ila sio Kyela. Sokoni hapa Kyela ni jina la hela, mchele wowote wenye kaharufu kidogo unabatizwa Kyela unapanda bei. Nikamwambia mama, nilionao ni wa Usangu, huko huko Mbarali, Kyela sina kwa sasa, nikupe namba ya mwenzangu anao? Akachukua namba. Nimepoteza oda ya wiki hiyo, na sisemi atarudi kwa sababu sijui. Mstari wa 11 ule unasema msiibe, msidanganye, wala msiambiane uongo, na haujaweka masharti ya kwamba utalipwa kwa kufanya hivyo.

Hili naona tunakoseana sana makanisani, tunafundishwa tii Neno biashara itafunguka. Inaweza kufunguka, inaweza isifunguke. Walawi 19 sababu inayotoa ni moja tu, Mungu ni mtakatifu na nyie muwe watakatifu, mstari wa 2.

Saa 4

Wateja tu, kilo mbili mbili, chenji, mzee mmoja wa Nzovwe kaja nikampisha kiti changu maana "Mwondokee mwenye mvi". Hamna zaidi.

Saa 6 mchana

Akaja mfanyabiashara wa Lubumbashi, hawa huwa wanapitia Tunduma wanakuja kutafuta mzigo wenyewe. Kiswahili chake unakisikia tu kwamba ni cha kule, na sokoni kila mtu akashakisikia. Jirani yangu akanikonyeza, maana yake tunaijua wote, huyu hajui bei. Kuna bei ya mwenyeji na kuna bei ya mgeni, na wala watu hawaoni kama ni wizi, wanaita akili ya biashara.

Mi mstari wa 34 nilikuwa nimeusoma asubuhi ile ile, kwamba mgeni akae kwenu kama mzalia na mtampenda kama nafsi yako, kwa kuwa nanyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri. Maneno ni yale yale ya jirani wa mstari wa 18, mgeni kapewa kipimo kile kile cha upendo, hakupunguziwa. Nikamtajia bei niliyomtajia mama wa Ilomba asubuhi. Akakaa kimya akazunguka mabanda mengine, akarudi, akachukua viroba vya kutosha. Aliniuliza kwa nini umenitajia hii bei mama, wenzako wamesema vingine, nikamwonesha huo mstari kwenye simu, akausoma akatikisa kichwa, akasema kwao pia wapo Watanzania wanaouziwa bei ya wageni. Tukacheka wote ila ilituuma.

Saa 8 mchana

Hapa ndo palikuwa na moto. Upande wa viazi kuna mama wa Umalila alileta mzigo wake, mnunuzi anataka lumbesa. Msioijua lumbesa, ni gunia linajazwa halafu mdomoni wanaongezea kwa kamba na nyavu, viazi vinapandishwa juu kama kichuguu, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inasema mzigo usizidi kilo 100, lakini mkulima ametoka mbali, nauli ameshalipa, viazi haviwezi kurudi nyumbani, atafanyaje. Mama anabisha, na yule kijana mnunuzi anamwambia kwa kujiamini kabisa, mama we si umeokoka, imeandikwa kipimo cha kujaa na kushindiliwa na kusukwa-sukwa hata kumwagika! Watu wakashangilia.

Jamani. Mi nikaacha mchele nikaenda na Biblia. Nikamwambia mdogo wangu ni kweli imeandikwa, Luka 6:38, sasa tusome kuanzia neno la kwanza. "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa". Anayeambiwa hapo ni mtu anayetoa. Kipimo kinachomwagika ni kile anachopewa mtu aliyetoa kwa moyo, hakuna mahali Yesu amempa mnunuzi ruhusa ya kumkamua muuzaji. Na ukirudi juu kidogo, mstari wa 35, anasema wapendeni adui zenu, tendeni mema, na kukopesha msitumaini kupata malipo. Halafu ule mwisho ambao hakuusema, "kipimo kile kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa". Nikamuuliza, hicho kipimo cha lumbesa uko tayari kupimiwa nacho?

Alicheka, akasema mama mchungaji umeshinda, wenzake nao wakacheka, na mzigo akachukua kwa lumbesa vile vile, alipunguza safu moja tu ya juu. Mama wa Umalila akanishika mkono akasema ndaga fijo, yaani asante sana. Safu moja sio haki, nalisema wazi, na viazi vilivyobaki mle juu vilikuwa ada ya mtoto wake. Inaniuma zaidi pale Maandiko yanapotumika kumnyamazisha mtu mnyonge, kwa sababu huyo mama anayaheshimu, ndo maana aliposikia mstari alishusha sauti.

Ukitaka kujua Biblia inamwonaje mnunuzi soma Mithali 20:14, "Haifai kitu, haifai kitu, asema mnunuzi, lakini akiisha kwenda zake hujisifu". Kijana nitampa huo siku nyingine akiwa ametulia.

Saa 10 jioni

Kuna kina mama wawili wanapita kwenye mabanda jioni na nyungo zao, wanafagia mchele uliomwagika, wanapepeta, wanaenda kupikia watoto. Wengine wanawafukuza, wengine wanaufagia wenyewe wanaurudisha kwenye gunia. Mstari wa 9 na 10 unakataza kuvuna hadi pembe za shamba na kukusanya masazo, hayo ni ya maskini na mgeni. Ruthu aliishi kwa sheria hii hii kwenye shamba la Boazi, na Boazi akaenda mbali zaidi akawaambia vijana wake wamwangushie masuke makusudi. Jioni ile Ruthu alipopura alipata kama efa moja ya shayiri, inakadiriwa lita 22 hivi, yaani debe na kidogo, mtu wa nafaka anaelewa hiyo ni chakula cha siku nyingi kwa yeye na mama mkwe wake Naomi. Kwa hiyo mi nikipakua gunia jioni simwambii kijana wangu awe makini saana na mwagiko.

Saa 11:30 jioni

Kufunga hesabu. Kijana anayenibebea mizigo nampa chake kabla sijahesabu changu. "Mshahara wake mwajiriwa usikae kwako usiku kucha hata asubuhi", mstari wa 13, hakuna cha njoo kesho sina chenji. Hata kama mauzo yamekuwa mabovu, yeye alibeba.

Saa 1 usiku

Jumuiya kwa jirani, uji wa ulezi na nyimbo mbili tatu, kisha nikaomba tusome sura hiyo hiyo. Kijana mmoja anayesoma chuo akauliza swali ambalo nalipenda kwa sababu ni la mtu aliyesoma kweli. Akasema mama, mstari wa 19 unakataza nguo ya nyuzi za namna mbili, na hapa wote tumevaa shati za kuchanganya, mstari wa 27 unasema ndevu, sasa kwa nini mizani ituhusu na nguo isituhusu? Tunachaguaje?

Chumba kikawa kimya. Mzee wa jumuiya akasema zile za nguo na ndevu zilikuwa alama ya kuitenga Israeli na mataifa, na katika Kristo sisi wa mataifa tumeingizwa bila hizo alama. Mi nikaongezea ninavyofuatilia, angalia lipi linarudiwa baadaye. Nguo ya nyuzi mbili manabii hawakuipigia kelele. Ila mizani, Amosi anailia sura ya 8, watu wanaosubiri sabato iishe wapunguze efa na kuuza hadi takataka za ngano, na Mika sura ya 6 naye anairudia. Mshahara uliozuiwa unarudi kwenye Yakobo 5. Jirani anarudi kwa Yesu na kwa Paulo, Warumi 13, "pendo ndilo utimilifu wa sheria". Kijana akasema sawa lakini bado hajaridhika na suala la ndevu, atasoma zaidi, na mi nikamwambia asiache kuuliza.

Tumepanga Jumatano ijayo ni Amosi 8, yeye ndo ataongoza, na nimemwomba dada wa viazi wa banda la nyuma amlete yule mnunuzi wa lumbesa kama atakubali kuja.