Nilivyowaonyesha wanafunzi mwinamo wa sumaku kwa sindano na uzi

Kila mwanafunzi wa Kidato cha Pili anajua kwamba sindano ya dira huelekea kaskazini. Kwamba sindano hiyo pia huinama kuelekea ardhini ni jambo linalopitiwa harakaharaka, tena mara nyingi kwa mchoro wa Ulaya, ambako ncha ya kaskazini ndiyo inayoshuka. Kwetu Tanzania ni kinyume, kwa sababu ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sindano hulala mlalo bila kuinama, inapita kaskazini mwetu, huko Ethiopia, na kwa hiyo inayoshuka ni ncha ya kusini. Nilitaka wanafunzi wangu walione hilo kwa macho yao, ingawa maabara yetu haina kifaa cha kulionyesha.

Sumaku niliipata kwa fundi redio, kwenye spika iliyoungua. Sumaku ya namna hiyo ni ya duara, ina tundu katikati, na ncha zake ni zile nyuso mbili bapa, ambazo hazina alama. Niliining'iniza kwa uzi ikiwa imesimama wima, mbali na meza za chuma, na ilipotulia nikaupaka rangi ya kucha uso uliotazama kaskazini.

Sindano nilichagua ya kushonea, kwa kuwa feleji hushika usumaku kwa muda mrefu, tofauti na msumari wa kawaida, ambao huupata upesi na kuupoteza upesi. Kazi yenyewe hasa, inayotaka subira, ni kuisawazisha sindano kabla haijawa sumaku: unafunga uzi mwembamba katikati, unalisogeza fundo kwa ukucha kidogokidogo mpaka sindano ilale mlalo kabisa, kisha unalidondoshea tone la gundi. Gundi ilipokauka, niliupitisha uso wenye rangi juu ya sindano kutoka tunduni hadi kwenye ncha kali, kwa mwelekeo mmoja tu, nikiiinua sumaku juu kila niliporudi mwanzo. Ukisugua kwa uso wa kaskazini, pale msuguo unapoishia ndipo panapokuwa kusini.

Nilipoiachia ilizunguka, ikatulia, na ncha kali ikashuka. Mwanafunzi mmoja akadai kwamba fundo limesogea. Shaka hiyo ilikuwa ya haki, na maneno yasingeiondoa, hivyo nikaisugua upya sindano ileile kwa uso usio na rangi. Fundo halikuguswa, lakini sasa tundu ndilo lililoshuka, likielekea kusini.

Robert Norman, fundi wa dira wa London, alieleza mwinamo huu mwaka 1581, naye alipima nyuzi 71 na dakika 50. Pembe yetu ilikuwa ndogo mno kuliko hiyo, na ndivyo inavyotarajiwa kwa watu walio karibu zaidi na ikweta ya sumaku, ingawa sehemu ya tofauti hiyo inatokana na uzi, ambao hushika juu kidogo ya kitovu cha uzito na kuirudisha sindano kwenye mlalo.