Vijipicha vya Kurasa Kwenye Okular
Ukisoma faili kwa Okular, programu ya kusomea PDF na nyaraka nyingine, bonyeza F7 upau wa pembeni ufunguke, kisha chagua vijipicha (picha ndogo za kurasa). Vikiwa vidogo kama stempu, kurasa za maandishi matupu hufanana zote; shika ukingo wa upau kwa kipanya uuvute hadi vichwa vya sura vianze kusomeka.

Uhondo wenyewe uko chini ya vijipicha: kitufe cha kuonyesha kurasa zenye alamisho tu. Weka alamisho kwa Ctrl+B penye majedwali, ramani na saini, halafu kibonyeze. Faili la kurasa 400 linabaki na vijipicha sita. (Ukisahau kukizima, utaapa kwamba kurasa zimefutika.)

Angalia na namba: utangulizi ukiwa na kurasa 12 za namba za Kirumi, ukurasa wa 1 uliochapishwa ni wa 13 kwenye faili.