Samaki wa Mtoni

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Katika Hesabu 9 wingu likiinuka, Israeli wanang'oa hema. Likitua wanatua, iwe siku mbili, mwezi au mwaka. Swali langu ni la jikoni: watu wanaoishi hivyo wanakula nini?

Kaskazini mwa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi kuna nyika pana ajabu. Kwa karne nyingi wenyeji wake waling'ang'ania kingo za mito, Dnieper, Don na Volga, maana huko kulikuwa na maji, kuni na samaki. Nyasi zilikuwepo tele huko mbali, ila nani angekaa huko? Kuanzia mnamo 3300 KK, watu ambao wanaakiolojia huwaita Wayamnaya wakatoka. Walipakia vyombo kwenye mikokoteni ya maksai, magurudumu yake vipande vizito vya mbao bila njiti, wakafuata malisho na ng'ombe na kondoo wao.

Mwaka 2021 watafiti walitangaza walichokikuta kwenye ukoga wa meno ya watu wa nyika hiyo. Waliotangulia, karibu wote hawana dalili ya maziwa. Wa zama za kuhama, karibu wote wanayo. Nami naona hapo ndipo siri ilipo. Ukichinja ng'ombe, umemmaliza. Ukimkama, kesho asubuhi yupo na maziwa yake yapo, hata kama mmelala mahali msipopajua. Ndivyo mana nayo ilivyokuja: ya leo leo, na ya kesho kesho.

Tusiwafanye watakatifu, lakini. Wao walifuata nyasi, hawakufuata wingu.

Ila geuza kurasa mbili tu hadi Hesabu 11:5. Israeli, wakiwa na mana mkononi, wanalia: wanakumbuka samaki waliokula bure Misri. Bure! Watu waliofinyanga matofali kwa mijeledi! Mtoni pana utamu wake, na utumwa ukizoeleka huitwa usalama. Wapo kati yetu ambao Mungu ameshawaonyesha njia, na chakula cha safari wanacho, lakini bado wanahesabu samaki: mshahara fulani, jina fulani, uhusiano ambao wanajua haufai.

Kabla ya ibada ya katikati ya wiki, tusome Hesabu 9:15 hadi 11:9 kwa mkupuo mmoja. Tuwaombee kwa majina wote wanaohama mwezi huu, na wale wanaotakiwa kuhama lakini wanaogopa.