Koroboi ya Mama

Jumapili, saa nne na nusu usiku

Tumeipata picha ya filamu yetu. Jioni ya tano, baada ya nne zilizoharibika, Mama amepita barazani kwetu hapa Kaloleni, Kisumu, na koroboi mkononi, akawasha taa tatu tulizozitundika kwenye nguzo, na nyuma yake mbingu ilikuwa bado na ile buluu nzito isiyokaa. Sekunde 41. Nimeziangalia tangu tulipomaliza kula, nimekaa sakafuni kando ya cherehani, na kila mwali unapoushika utambi wa taa ya pili moyo unanipanda.

Naandika usiku huu huu kwa sababu kuna neno nimelibeba tangu Alhamisi. Rafiki yangu, ambaye tunasaidiana kushuti na ambaye macho yake nayaamini, alisoma mpango wa filamu yetu mpaka ukurasa wa mwisho, akanirudishia, akasema, "Dada, hapa pa wimbo toa. Hii sasa ni filamu ya Kihindi."

Mtu wa Kisumu anajua uzito wa maneno hayo. Ukilia mbele za watu, unaambiwa usituletee filamu ya Kihindi. Mkigombana na mchumba wako stendi ya matatu, makanga atawauliza kama wimbo unaanza saa ngapi. Ni msemo wa kumwambia mtu kwamba hisia zake zimezidi kipimo. Nimeusikia maisha yangu yote na nimeucheka pamoja na wengine. Alhamisi haukunichekesha.

Mimi nimelelewa na filamu hizo. Mama alianza kushona kabla sijazaliwa, na vitambaa na nyuzi alivinunua kwenye maduka ya Wahindi upande wa mjini, Barabara ya Oginga Odinga na vichochoro vyake. Reli ilifika hapa ziwani mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaja nayo. Kwa hiyo Mama alipokuwa msichana, Kigujarati, Kipunjabi, Kijaluo na Kiswahili vilishaishi kaunta moja miaka mingi. Mzee mmoja mwenye duka alimzoea, akawa anamwazima kanda za video. Tukizirudisha Jumatatu anatupa nyingine. Hazikuwa na maandishi ya chini hata neno moja. Sisi watoto tulikaa kwenye mkeka, Mama akishona kwa mguu na kutazama kwa jicho moja, akatusimulia: huyu ndiye steringi, yule ni ndugu yake ila hawajuani, huyo mzee mwenye gari jeupe ndiye aliyemuua baba yao, ngojeni mtaona.

Nilipokuwa mkubwa na intaneti ikaja, niliitafuta filamu moja tuliyoipenda sana, nikaitazama na tafsiri. Nusu ya hadithi haikuwa vile. Yule mzee wa gari jeupe hakumuua mtu, alikuwa mjomba tu. Nilimwuliza Mama. Alinijibu bila kuacha kupiga pindo, "Mwanangu, mimi Kihindi nilikijulia wapi? Nilikuwa naangalia nyuso zao." Kisha akaongeza kwamba hadithi yake ilikuwa na maana zaidi. Nami naona ilikuwa na maana zaidi. DJ Afro alipokuja kuvuma nchi nzima kwa kuzisimulia filamu za watu kwa Kiswahili cha mtaani, vibanda vya video vikijaa hadi mlangoni, mimi nilikuwa nimeshakula chakula hicho utotoni nikakishiba.

Nyimbo alizijua zote kwa sauti, maneno akiyabahatisha. Tarehe 6 Februari 2022, Jumapili kama leo, ilipotangazwa kwamba Lata Mangeshkar, mwimbaji wa filamu za Kihindi, amefariki Mumbai akiwa na miaka 92, Mama alitoa mguu kwenye cherehani na hakuurudisha siku hiyo. Alikuwa amemfahamu yule mama kwa koo tu. Katika sinema yao mwimbaji hurekodi studio kwanza. Siku ya kupiga picha wimbo hufunguliwa kwa vipaza sauti na mwigizaji hufuatisha kwa midomo. Sauti moja ya Lata ilipita midomoni mwa waigizaji wa vizazi kadhaa. Mama aliwaona wao wakibadilika na kuzeeka, sauti ikabaki ileile, akajua kuna mtu mwingine nyuma ya pazia, na huyo ndiye aliyempenda.

Basi filamu yangu. Ni ya dakika 12. Mama mmoja ana mwana aliyekwenda Ghuba, Uarabuni, kutafuta kazi. Mwanzoni anapiga simu kila Ijumaa, halafu Ijumaa moja moja, halafu simu inakatika. Kila magharibi mama huyo anawasha taa barazani, hata siku umeme upo, kwa sababu kijana alipoondoka palikuwa giza na taa ndiyo kitu cha mwisho alichogeuka kukitazama. Hakuna anayekufa. Hakuna anayerudi. Katikati, anaimba. Hadithi kama hii mtaani kwetu haihitaji kutungwa. Nyumba ya tatu kutoka hapa ninapokaa wanaiishi, na sitaandika zaidi ya hapo.

Kwa nini magharibi, na kwa nini jioni tano? Ukiwasha koroboi saa kumi na moja, jua linaumeza mwali, hauonekani. Ukingoja saa moja na robo, mbingu imeshakuwa nyeusi, na simu inaonyesha nukta ya moto juu ya giza tupu. Katikati ya hizo mbili kuna dakika chache ambapo mwanga wa mbingu na mwanga wa utambi unalingana, uso unaonekana, mwali unaonekana, na mwembe wa jirani unaonekana. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Jua letu linazama wima, giza linaanguka haraka. Mimi nilihesabu dakika 12, na nne za mwisho si za kutegemea.

Hili sikulivumbua. Katika filamu ya Kihindi ya Sholay, iliyotoka Agosti 15, 1975, kuna mjane anayezima taa moja moja kwenye roshani jioni, na chini yake kijana amekaa anapuliza kinanda cha mdomo. Hawasemezani. Mama alikuwa akinyamaza sehemu hiyo, na yeye si mtu wa kunyamaza. Ukubwani nilikuja kusoma kwamba walikuwa wakirudi siku baada ya siku kwa ajili ya mwanga wa dakika zile chache. Watu wenye fedha, kamera kubwa na kijiji kizima kilichojengwa kwa ajili yao kule Ramanagara, walingoja jua lizame kama sisi. Mjane yule anazima, mama wangu anawasha. Deni nalijua na nalikiri.

Jioni ya kwanza mvua. Mchana kutwa jua linachoma, upepo wa ziwa unapanda kuelekea milima ya Nandi, na alasiri ngurumo zinaanza. Juu ya mabati huwezi kusikia hata mawazo. Jioni ya pili niliacha taa ya umeme ya sebuleni iwake ili dirisha lisiwe jeusi, na kwenye picha ikatoka mistari myeusi inayopanda kama wadudu ukutani. Ilinichukua usiku mzima kuelewa. Umeme wetu unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, taa inapepesa mara 100, na simu yangu ilikuwa inachukua fremu 30, haviendi pamoja. Niliiweka kwenye fremu 25 na kila fremu ipate mwanga kwa moja ya hamsini ya sekunde, mistari ikatoweka. Jioni ya tatu simu ilijirekebisha mwanga yenyewe kila Mama alipokaribia taa, mbingu ikawa inapauka na kukolea kama mtu anayepumua. Dawa yake ni kubonyeza uso wa Mama kwenye kioo na kushikilia mpaka mwanga ufungwe. Ya nne ilikuwa upepo tu.

Rafiki yangu alikuwepo jioni zote hizo. Lazima niliseme hili, asije akaonekana adui. Yeye ndiye aliyeshika kioo. Kioo ninachosema ni kile kirefu cha Mama cha wateja kujipimia nguo. Tulikihitaji kwa picha za ndani, mchana, kwa sababu chumba cha kushonea kina dirisha moja tu na taa za kukodisha bei yake hatuiwezi. Nilimsimulia habari za V. K. Murthy, mpiga picha wa sinema aliyempigia mwongozaji Guru Dutt filamu ya Kaagaz Ke Phool mwaka 1959, ya kwanza kule India ya skrini pana. Alitaka mwale mmoja mnene ukate studio yenye giza, na taa zao zikawa hazitoi kile anachokitaka. Akaweka kioo kikubwa nje kikamate jua, kikarushia kioo cha pili ndani, na jua lenyewe likaingia studio. Filamu ilipotoka watu hawakuipenda, ikaanguka vibaya. Ule mwale bado unaangaliwa hadi leo. Rafiki yangu hakusema kitu. Alitoka nje na kioo, akasimama juani robo saa akikigeuza kidogokidogo, na mwanga ukaingia, ukapita juu ya cherehani, vumbi la vitambaa likaanza kuelea ndani yake. Nilisikia akisema huko nje, taratibu, "Unauona?" Nilikuwa nauona.

Ndiyo maana Alhamisi iliniuma. Mtu aliyelileta jua mle ndani kwa mikono yake ndiye anayeniambia wimbo ni wa Kihindi.

Nimemjibu leo mchana, tukitundika taa, na nitaandika nilivyomjibu kwa sababu ndivyo ninavyoamini. Mama katika filamu hii hana mtu wa kumwambia. Majirani wakimwuliza habari za kijana anasema hajambo, anafanya kazi. Mumewe hataki litajwe. Nikimwacha aongee, ataongea na nani? Nikimwacha anyamaze dakika zote 12, nitakuwa nimefanya walichomfanyia wao. Wimbo ndiyo nafasi pekee ambapo mtu anaweza kusema jambo lote bila kuvunja heshima yake. Bibi zetu walilia harusini kwa wimbo na wakatukana wake wenza kwa leso. Hatukulipata kwa Wahindi jambo hilo. Wao walitukumbusha kwamba linafaa pia kwenye sinema. Rafiki yangu alifunga fundo la waya, akafungua, akalifunga tena. Akasema, "Basi uwe mfupi." Ni mfupi. Ni mistari minne, na miwili ya kwanza ni hii:

Taa yangu usizime,
mwenyeji yuko njiani.

Tulirekodi kwa njia yao, wimbo kwanza. Mama aliingia katikati ya majora ya vitambaa, maana vitambaa hunyonya mwangwi, nikamwekea simu ndani ya soksi safi, akaimba mara tatu. Ya pili ndiyo tuliyoichukua. Ya tatu ilikuwa na machozi mengi kuliko sauti. Leo barazani tulifungua wimbo kwa spika ndogo, yeye akafuatisha, na tuktuk zilizopita hazikutudhuru. Tulimaliza, tukazima spika.

Kuna habari moja ya Dadasaheb Phalke, mmoja wa waanzilishi wa sinema ya India, ninayoirudia kila nikichoka. Mwaka 1912, kabla ya kutengeneza filamu yake ya Raja Harishchandra, alihitaji mtu wa kumkopesha, na hakuna aliyekuwa anaelewa anachotaka kufanya. Akaweka kamera mbele ya chungu chenye punje ya njegere, akaipiga picha kidogokidogo siku baada ya siku mpaka ikawa mmea. Akawaonyesha: njegere inaota mbele ya macho yao kwa dakika moja. Fedha zikapatikana, na mke wake Saraswati akaweka rehani dhahabu zake, akawapikia waigizaji na mafundi. Mwanamke wa kuigiza malkia alikosekana, wote walikataa, ikabidi achukuliwe kijana wa mkahawani, Anna Salunke. Mimi kwenye kidirisha cha saiba ninapofanya kazi nina kikopo chenye mbegu za maharage na simu ya zamani iliyofungwa kwa raba. Fremu moja asubuhi, moja jioni. Yamefika siku ya 19. Sijui nitayaweka wapi kwenye filamu. Labda yatakaa peke yake.

Mwanamke wa kuigiza hata mimi nilimkosa. Wawili walikubali kisha waume zao wakakataa. Mama alisikia mimi nikipiga simu ya tatu, akasema, "Kwani huyo mama yako kwenye filamu ana umri gani?" Nikamwambia. Akasema yeye anatosha.

Sasa ameingia hapa, amekuta taa inawaka, ameketi kwenye kigoda chake na kutaka kuona. Nimempa simu. Ameziangalia zile sekunde 41 mara mbili bila neno, uso wake ukimulikwa na uso wake. Mara ya tatu amesimamisha picha kwa kidole, akaisogeza karibu na macho.

"Hapa," amesema. "Leso imejikunja begani, upande wa chini umetoka nje. Mama anayemngoja mwanawe hawezi kutoka barazani na leso iliyogeuka."

Nimetazama. Ni kweli, pindo limegeuka, unauona uzi.

"Kesho mbingu ikiwa safi turudie," amesema, na amekwenda kuichukua leso aipige pasi.

Nimeweka simu kwenye chaji. Rafiki yangu nimemwandikia aje saa kumi na mbili kasorobo, na amejibu: anakuja na mafuta ya taa.