Hiyo "tu" ya da mkubwa

Wiki imeisha mimi bado nipo Jumamosi. Ubarikio ulipita vizuri, mwenye nyumba kapandisha kodi, hoteli tunakoimba imetubakizia Ijumaa peke yake, hayo siku nyingine. Mimi nimeganda pale kwenye sahani ya pilau, da mkubwa kanishika bega mbele ya wakwe zake, "Mdogo wangu, bado unaimba tu?" Na mimi mjinga nikacheka, eeh dada, tupo tupo.

Tu! Ningekuwa benki angeniuliza bado uko benki tu?

Usiku nikamrudia Bettye LaVette, mwimbaji wa soul wa Marekani, mnanijua mimi na yule bibi wa Detroit. Katoa wimbo wa kwanza 1962 ana miaka 16, ukapanda chati za R&B, 1972 wakampeleka Muscle Shoals kule Alabama akarekodi albamu nzima halafu kampuni ikaifungia kabatini. Imekuja kutoka 2000, tena Ufaransa! Aliingia studio binti wa 26, albamu inatoka yeye 54, na katikati hapo zaidi ni viklabu vya Detroit na maonyesho ya jukwaani. Watu wakimsimulia wanakimbilia mvumilivu hula mbivu, mi siitaki hiyo, miaka 28 kodi alikuwa anamlipia nani? Ila sikilizeni albamu yake ya 2005, nyimbo zote zimetungwa na wanawake, sauti imekwaruza, habembelezi noti hata moja, anatema neno kama anakudai. Na Januari 2009 kasimama pale kwenye mnara wa Lincoln, Washington, siku mbili kabla Obama hajaapishwa, miaka 62, anaimba tu.

Nikamsimulia baba watoto, akasema labda nimesikia vibaya, labda dada alisema "bado tu unaimba", yaani hujaacha, anakusifia. Nilicheka mpaka mdogo akaamka. Halafu nikakumbuka siku ya kwanza napanda jukwaani aliyenifunga kilemba ni huyuhuyu, na viatu alivua vyake akanipa, vilinibana usiku kucha na sikumwambia. Sasa nimezisema zote mbili kwa sauti yake, unaimba tu, bado tu unaimba, na zote zinamkaa mdomoni.

Friji limeanza tena ule mlio na ndani kuna kilo tatu za samaki.