Saa yetu ya mwisho hewani

"Daraja la Darajani liko wapi?" Kwa swali hilo kipindi chetu cha redio kilifunguliwa usiku wa kwanza, miaka 12 nyuma. Nilikuwa mgeni kazini, nimekaa upande wa pili wa kioo, mkono mmoja kwenye mitambo na mwingine kwenye simu. Maalim, mtangazaji wetu, hajamaliza hata kusalimia, simu zikaanza kulia. Watu wa Unguja hupita Darajani kila siku kutafuta samaki na mitumba, lakini mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulishafukiwa zamani. Daraja likaondoka, likabaki jina. Na wazee walioyaona maji yale kwa macho yao walikuwa wamo majumbani, hapana aliyewauliza.

Jumamosi iliyopita tuliagana. Kituo kimeipa saa yetu kipindi kingine, na Maalim mwenyewe kifua hakimruhusu tena kusema saa nzima. Nimelia, sikatai. Lakini nataka kuandika niliyoyaona nyuma ya kioo, maana msikilizaji hakuyaona.

Kwanza, aliyefungua kipindi kila wiki hakuwa Maalim. Alikuwa muuza kahawa. Mlio ule wa vikombe niliunasa mwenyewe Mkunazini, asubuhi na mapema. Siku ya kwanza nilimfuata mzee yule na dele lake, nikamsogezea kinasa sauti mpaka karibu na vidole. Kurudi studio na kusikiliza: makelele matupu, kama vijiko vilivyomwagwa sakafuni. Nikamrudia kesho yake. Akaniuliza, "Jana ulisimama wapi, mwanangu?" Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. "Hapa hapasikilizwi. Nenda kule konani. Mimi namgongea mtu aliye ghorofani."

Nikaenda konani. Mlio ukaja kabla yake, ukapiga ukuta huu na ule wa kichochoro, ukapanda juu, na juu kule dirisha likafunguliwa. Ndio huo mliousikia miaka yote. Ukitega sikio vizuri, hata komeo la dirisha limo.

Maalim alikuwa na msimamo mmoja ambao nilichelewa kuuelewa. Siku tuliyopiga santuri ya Siti binti Saad, katika zile alizorekodi Bombay mwaka 1928, nilitaka kuisafisha ipungue mikwaruzo. Akanizuia. Akasema mikwaruzo ile ni ya sindano za watu waliomsikiliza, nao ni wa mji huu pia. Kisha akaingia hewani, wala hakuanza na sifa za sauti yake. Alianza na vyungu: mtoto wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu, akaishia kuimbisha mji. Baada ya hapo wakapiga simu watu waliokuja mjini wakiuza mkaa, madafu, mikeka. Muziki tuliupunguza usiku ule ili tuwasikilize wao. Kwangu kile ndicho kipindi chetu bora kabisa, na sidhani kama nitabadili rai.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa cha mwisho wa mwaka 2020. Ijumaa ya tarehe 25 Desemba, sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wa saa, watu wawili wakafariki. Jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, kila mtoto wa Unguja amekua akilitazama. Kesho yake ilikuwa zamu yetu. Tulikuwa tumetayarisha mazungumzo ya milango ya kuchonga, tukayaweka kando. Mzee mmoja akapiga simu, akasema, "Nilizaliwa nimeikuta, nikajua itanizika," basi, hakuendelea. Maalim naye hakusema kitu. Fundi wa redio huogopa kimya kuliko hitilafu yoyote, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya wimbo. Sikubonyeza. Nilisikia mzee anavuta pumzi, nikawaachia watu wote waisikie.

Jumamosi hiyo ya kuagana simu zilikuwa nyingi, nyingi za shukrani, na Maalim akizipokea kwa haraka kama mtu anayeogopa kushikwa mkono. Ikiwa imebaki dakika mbili na nusu akaja Bibi wa Kikwajuni. Jina jengine hatukuwahi kupewa. Yeye hakuaga. "Maalim, miaka 12 mnazungumza Darajani na hamjasema maji yakijaa sisi watoto tulikuwa tunafanya nini pale chini."

"Tuambie, Bi mkubwa."

Akaanza. Akawataja wenzake watatu, akataja ndoo moja ya kuazima na nguo ya sikukuu ya mtu. Pale aliposema, "Basi maji yakaanza kurudi, na sisi tuko ng'ambo ya pili," saa ikafika, matangazo yakaingia yenyewe. Mitambo siku hizi haiombwi.

Maalim akanitazama kupitia kioo. Nikachukua simu ya ndani, bibi bado yupo kwenye laini. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, hewani tumeshatoka." Akanijibu, "Marahaba. Kwani wewe hutaki kujua?"

Jumatatu baada ya alasiri nilikwenda Kikwajuni. Nilikaa chini, hatua tatu kutoka kwake, nikawasha kinasa sauti.